Safu ya Walioitika

Nimerudisha funguo za ofisi wiki tatu sasa, na hakuna aliyeniuliza ule mdogo mweusi ni wa nini. Ni wa kabati la chuma lililo nyuma ya mlango. Najua siku moja mtalifungua mkitafuta karatasi za printa, na humo mtakuta makasha manne ya fomu za Mwakiro yaliyofungwa kamba ya katani. Msiyatupe. Mmeniomba niwaandikie mawili matatu juu ya miaka yangu ya kazi, na naona wengi mlitegemea habari za vyeo na semina. Vyeo vyangu vilikuwa vichache, na kwenye semina nililala sana. Nitawaandikia habari za fomu hizo, maana nilikaribia kuweka saini yangu chini ya uongo, na wazee wa Gashoho wangeinywa saini ile asubuhi na jioni.

Kwanza mnijue. Nilizaliwa Muyinga, mtaa wa Waswahili, baba fundi cherehani. Nikakulia Kigoma ukimbizini, Kiswahili changu kikanyooka huko, na tuliporudi wenzangu wakanicheka kwamba naongea kama redio. Kirundi changu kilibaki cha sokoni: najua kushusha bei ya maharage, sijui kutoa rambirambi. Nikasomea hesabu, nikaajiriwa Gitega kwenye ofisi ya utafiti wa tiba. Hadi leo majirani zangu wa Giheta huniletea watoto wenye homa. Nawaambia mimi nahesabu wagonjwa, sitibu. Wananiangalia kwa huruma, kisha wananiuliza kama basi nina panadoli.

Siku yangu ya kwanza kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Gitega inayoingia mpaka kwenye meno. Nilimkuta Mzee Nurdin, mtakwimu mkuu, ameketi peke yake katika chumba cha mwisho, akisoma majina ya watu kwa sauti. Alikuwa Mhindi wa hapahapa Gitega. Babu yake alileta vitambaa, baba yake akauza vitambaa, na yeye alipoulizwa kwa nini hakurithi duka alisema vitambaa vinamtia chafya. Nilisimama mlangoni nikidhani anaomba dua. Akaendelea kusoma, jina, umri, uzito, jina, umri, uzito.

"Hao wote wamekufa?" nikamuuliza nilipochoka kusimama.

"Baadhi," akasema. "Bado sijafika mwisho. Kaa hapo binti, ukisikia kitu kinakukera sema."

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake. Kabla ya kukokotoa chochote, soma orodha nzima kwa sauti. Alisema jicho linaburuzwa na mistari ya karatasi, lakini sikio halivumilii kitu kinachojirudia ovyo. Vifaa vyetu vilikuwa rula ya mbao, penseli nyekundu na kikokotoo ambacho saba yake lazima uibonyeze mara mbili. Wakati mwingine nilisoma mimi, yeye akasinzia na kofia yake usoni, nami nikamchukia kimyakimya. Kisha kwenye orodha moja ya watoto alifungua macho akasema, "Sifuri tena?" Nikarudi nyuma. Uzito wa watoto wote wa zahanati moja uliishia na sifuri. Mzani wao ulikuwa umevunjika, na muuguzi aliona haya kusema, akawa anawabeba watoto mkononi na kukisia.

Mzee Nurdin alistaafu, baadaye akafariki, Mungu amrehemu. Kompyuta zikaja, na ofisi ikajaa watu wenye vitu masikioni. Nikaacha kusoma kwa sauti. Niliona aibu, basi, hakuna sababu nyingine.

Sasa mradi wenyewe. Kilikuwa kidonge cha presha kwa wazee. Huko Mwakiro, tarafa ya vilimani karibu na Muyinga, nusu ya wazee walipewa kidonge chenye dawa, na nusu wakapewa kinachofanana nacho kisicho na kitu ndani. Wao hawakujua nani kapata kipi, wala mimi. Kwangu walikuwa Kundi la Kwanza na Kundi la Pili, na siri ilikaa ndani ya bahasha kwenye sefu ya daktari aliyeongoza mradi. Mwaka ukiisha bila kuonekana madhara, wazee wa Gashoho, tarafa jirani, nao wangeanza kumeza. Walikuwa wamekwisha kuandikishwa na chupa zao zimekwisha kufika.

Miezi ya mvua njia za kule vilimani hazipitiki kwa gari, kwa hiyo tuliwaachia wazee chupa za kutosha na tukaamua kuwapigia simu kila mwezi mpaka mwaka uishe. Fomu niliiandaa mimi, kwa Kirundi changu cha sokoni. Safu ya kwanza jina, ya pili tarehe, ya tatu nikaipa neno moja kichwani: *Yaritavye?* Yaani, ameitika? Kumaanisha, simu imepokelewa, mzee yupo? Chini yake mpigaji simu aandike *yego* au *oya*, ndiyo au hapana. Safu ile niliibana ikawa na upana wa vidole viwili ili kila kitu kitoshe ukurasa mmoja. Nilijisifu kweli kwa kuokoa karatasi.

Mpigaji simu alikuwa Hadija, binti wa mwalimu wa madrasa wa Muyinga, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa yeyote ofisini kwetu. Alikaa katika chumba cha kukodi karibu na soko la Muyinga akiwa na simu mbili na rundo la fomu. Mama yake aliishi Gashoho, akiuza chumvi na vitenge sokoni, na presha yake ilikuwa ya kutisha. Naye alikuwa kwenye orodha ya Gashoho. Kila wiki Hadija alikuwa akiniuliza, "Maman, zile dawa za Gashoho zinaanza lini?" Kisha akaacha kuniuliza. Nilishukuru, maana nilikuwa nimechoka kujibu.

Fomu zilikuja Gitega kila mwezi, kisha zikarudishwa kutunzwa kwa Hadija, na siku moja aliyekuwa anaingiza namba kwenye kompyuta akanipigia saa ya chakula. "Maman Zaituni, hapa kuna *yego*, kuna *oya*, na kuna mahali wameandika *yaritavye* tena. Hizo nizifanyeje?"

"Si yaleyale?" nikamjibu mdomo umejaa ndizi. "Ameitika. Weka moja."

Ile ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizofanya katika maisha yangu, na niliifanya kati ya matonge mawili. Kuna jambo jingine pia. Presha wazee walikwenda kupimwa zahanati kila mwezi; mzee akishaitika simu lakini mwezi huo hakufika kupimwa, programu ilichukua presha yake ya mwisho na kuiandika tena. Vitabu vya takwimu vya wakati ule viliruhusu. Programu niliiandika mimi.

Mwaka ukaisha. Wazee wote wale, mvua na kiangazi, na hakuna aliyeandikwa kufa. Fomu ya vifo ilikuwepo, lakini ilitaka muhuri wa zahanati, na wazee wa vilimani wanafia nyumbani. Kasha la fomu hizo lilikuwa tupu na safi. Daktari alifurahi mno.

"Vraiment, kweli Zaituni, wazee wa Mwakiro wamekataa kufa," akasema, akacheka. Na mimi nikacheka. Ripoti ingesainiwa Ijumaa, Gashoho waanze kumeza Jumatatu.

Alhamisi mchana umeme ukakatika. Nilikuwa na orodha iliyochapishwa mezani, sina la kufanya, na wenzangu wameenda kuota jua nje. Nikaanza kusoma kwa sauti. Nilifika kwa mzee mmoja wa Mwakiro, Barampama. Mia moja hamsini na mbili kwa tisini. Mwezi uliofuata, mia moja hamsini na mbili kwa tisini. Uliofuata, vilevile. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitamka namba ileile mara sita ndani ya chumba kile, nikatafuta penseli nyekundu. Presha ya mtu hupanda akikohoa. Hupanda mkwe akipiga hodi. Mzee huyu hakuwa amekohoa tangu mvua ianze.

Nikaendelea. Akatokea mwingine, na mwingine, ametulia tuli, kila mwezi ameitika. Nikawawekea alama ya penseli nyekundu pembeni. Nilipomaliza nikarudi juu kuziangalia zile alama, na karibu zote zilikuwa Kundi la Pili.

Nikachukua simu yangu nikapiga namba ya Mzee Barampama. Iliita mara moja tu. Mwanamke akapokea, nikasikia kuku nyuma yake.

"Naomba kuongea na Mzee Barampama," nikasema kwa Kirundi.

"*Yaritavye*," akasema.

"Haya, vizuri. Mpe simu."

Wale kuku waliendelea na yao. Kisha akaniuliza taratibu, wala hakuwa na hasira, "Nimpelekee wapi, mama?"

Nilikata simu. Ni utovu wa adabu, lakini mkono ulikata wenyewe. Nikakaa nikiangalia ukuta, na hapo likanijia tangazo la vifo la redioni, lile ninalolisikia kila siku nikisubiri habari. *Yitavye Imana.* Ameitika mwito wa Mungu. Kwa Kirundi mzee wa watu humwambii amekufa, kufa ni kwa mbuzi. Mzee anaitwa na Mungu, naye anaitika. Nami nilikuwa nimetengeneza safu nzima nikiuliza nani ameitika, nikaagiza wote walioitika waandikwe wazima. Nililia, siwafichi. Kisha nikapiga namba nyingine mbili zenye alama nyekundu, na zote mbili waliniambia neno lilelile. Wa pili akaongeza, "Mbona tulimwambia yule binti."

Nikampigia daktari. Alinisikiliza akapumua kwa nguvu puani. "Zaituni, wazee wanakufa. C'est normal, ni kawaida."

"Wanakufa, daktari, lakini sisi tumewaandika hai. Na wengi wao wako kundi moja."

"Una uhakika?"

"Nina penseli nyekundu. Nipe muda nifike Muyinga nione karatasi zenyewe."

Akanipa mpaka Jumapili. Ijumaa asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Hadija. Alinipa chai na sambusa, na nilipomwonyesha safu ya tatu akashangaa kwamba nashangaa.

"Mi nilifikiri we unajua, maman," akasema. "Bale bazima niliandika *yego*. Bale bamefariki niliandika *yaritavye*, na kila mwezi nalirudia bila kupiga tena. Iko wazi."

"Lakini watu wanasema *yitavye Imana*, Hadija. Ungemalizia, hata mimi ningeelewa. Mbona ulikata?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavua viatu msikitini. "Niandike jina la Mungu ku hizi karatasi? Zikishamalizika kazi zinaenda wapi? Sokoni, kufungia karanga. Papa yangu alitukataza kabisa. Mi niliacha lile Jina mdomoni, kwa heshima."

"Na akina Bigirimana na Hakizimana uliowaandika safu ya kwanza, hao si wana *Imana* ndani ya majina?"

"Hao baliandikwa na baba zao," akasema. "Dhambi yao iko kwao."

Na mimi nilifundishwa hivyohivyo na mwalimu wangu wa madrasa, nilikuwa naokota vipande vya karatasi njiani nikivichungulia visije vikawa na Jina. Lau ile fomu ningeijaza mimi, ningefanya kama yeye.

Tulikaa chini na makasha manne, siku mbili. Hadija alisoma, mimi nikaandika. Kila *yaritavye* tulipiga simu, tukauliza siku, tukatoa pole. Rambirambi za Kirundi nilijifunza hapo, katika simu hizo, Hadija akininong'oneza maneno. Tulipofika kwa Barampama, Hadija alisoma haraka kuliko wengine. Nikamnyang'anya fomu. Mwezi wa nne, *yaritavye*. Mwezi wa tano, *yego*.

"Hii nini?"

"Nilikosea."

Hadija hakuwa mtu wa kukosea, na ile *yego* ilikuwa imekolezwa wino. Lakini Jumamosi ilikuwa inaisha, nikaacha.

Jioni hesabu ilikamilika, nikampigia daktari, nikamsomea. Nikamsikia akienda kwenye sefu, nikasikia bahasha inachanika.

"Kundi la Pili ndilo lililopewa dawa," akasema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Simamisheni Gashoho. Zaituni, sikiliza, zile chupa zimegawiwa jana. Waliambiwa waanze Jumatatu, lakini unawajua wazee."

Nilimwomba Hadija orodha ya Gashoho ili tuanze kupiga simu mara moja. Alichelewa kuitoa mkobani. Jina la mama yake lilikuwa limekatwa mstari, na pembeni, kwa mwandiko ule mzuri, ameandika *amejitoa* na tarehe. Ilikuwa ya mwezi wa tano.

Nilihesabu nyuma. Mwezi wa tano hakuna aliyekuwa anajua kitu. Mimi nilikuwa najisifu kwa kuokoa karatasi.

"Hadija. Ulijua?"

Alikunja ncha ya mtandio wake, akaikunjua. "Ule muzee," akasema. "Barampama. Mwezi wa ine batoto bake baliniambia yaritavye, nikaandika. Mwezi wa tano nikapiga ile namba yake kwa kusahau. Akapokea yeye."

"Mtoto wake."

"Yeye, maman. Mi namujua, alikuwa anakohoa mbele ya kila neno. Hapo hakukohoa. Nikamuuliza, muzee, dawa unakunywa? Akanijibu, nilizimaliza zote. Akaniuliza, na mama yako wa Gashoho, bado hajaanza? Mi sijawahi kumwambia kama niko na mama Gashoho. Akasema, asizinywe. Basi." Akafuta macho kwa ule mtandio. "Umeniambia kila anayepokea niandike *yego*. Nikaandika *yego*."

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi na sijui la kuyafanya. Huenda Hadija alikuwa amehesabu marehemu kwa masikio yake, mwezi baada ya mwezi, akaogopa, akamtoa mama yake, kisha akamtafutia mzee wa watu la kusema. Alikuwa karibu nao kuliko mimi. Huenda ni mtoto wa Barampama aliyepokea. Au ni kama alivyosema. Kwenye hesabu nilimwandika Mzee Barampama amekufa mwezi wa nne, kwa tarehe ya familia yake, na ile *yego* sikuifuta.

Lakini jioni ile sikuwa nawaza mizimu. Nilikuwa naiona orodha ya Gashoho mbele yangu, ukurasa baada ya ukurasa, na jina moja tu lililokatwa.

"Kwa nini mama yako peke yake?" nikamuuliza. "Hawa wengine je? Hawa nao si mama za watu?"

Hadija aliinamisha kichwa.

"Alinitajia mama yangu peke yake," akasema. "Bale bengine hakubataja."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono uliinuka kabisa. Kisha nikaziona zile fomu zangu sakafuni, na safu yangu ya vidole viwili, majina yao yote yaliyokuwa mezani kwangu tangu mvua za kwanza, na mimi nikitafuna ndizi. Nikaushusha mkono, nikamsogezea simu moja, nyingine nikashika mimi. Tukagawana orodha, yeye kuanzia juu, mimi kuanzia chini. Na kila aliyepokea, kabla sijamwambia neno lolote, nilimwomba anitajie jina lake kwa mdomo wake mwenyewe.